Nilivyofungwa Mguu na Darasa Langu Mwenyewe

Siku niliyoumwa na nyoka nilikuwa katikati ya watoto arobaini wanaojua huduma ya kwanza. Niliwafundisha mwenyewe.

Nafundisha sayansi shule moja ya msingi huku Kibamba. Mwaka wa kumi na tisa sasa, na nimechoka, sifichi.

Ilikuwa Ijumaa ya usafi. Mimi na darasa la sita tunahamisha mbao kuukuu nyuma ya vyoo. Nikahisi kitu kimenidunga kwenye kifundo cha mguu. Kuangalia chini, nyoka wa kahawia.

Watoto wakamuua kwa mafagio na mawe.

Kiranja wao, Hudhaifa, hakupoteza muda. "Ticha, kaa chini! Leteni mpira!"

Bodaboda wa getini akatoa mpira wake wa kufungia mizigo. Hudhaifa akanifunga juu ya goti, akavuta kama anafunga gunia la mkaa.

"Mwalimu, asikufunge!" Huyo ni Malak, mama yake nesi. "Mama anasema unatulia tu, unawahishwa hospitali."

Aliwahi kuandika hivyohivyo kwenye jaribio. Nikamkosesha.

"Malak, nyamaza," nikasema. "Hudhaifa, kaza."

Tena nilijisikia fahari. Mtoto anafuata hatua kama zilivyo kwenye daftari!

Bajaji, foleni ya Morogoro Road, foleni ya mapokezi. Masaa matatu yakaisha. Mguu uliuma, ukafa ganzi, ukageuka rangi. Nikajua sumu hiyo inapanda. Nikampigia mke wangu, Naima, nikamuusia watoto.

Daktari akafungua kiroba tulichomwekea nyoka. Akatabasamu. Alipouona mguu, tabasamu likamwisha.

"Mwalimu, huyu hana sumu. Anakula panya tu. Nani kakufunga hivi?"

"Wanafunzi wangu."

"Na wao kawafundisha nani?"

Aibu niliyoipata sijawahi kuipata maishani.

"Hata angekuwa na sumu kali," akasema, "hufungi, huchanji, hunyonyi. Mguu hautikiswi, mtu anawahishwa hospitali. Basi."

Mishipa ya fahamu ilikuwa imebanwa mno. Mpaka leo naburuta unyayo, na ngazi za ofisini napanda kwa kushika ukuta.

Niliporudi kazini niliomba radhi mbele ya darasa zima, nikianza na Malak. Hudhaifa alilia sana, ikabidi nimbembeleze. Zile notisi nilizorithi kwa mwalimu aliyenitangulia tukazifuta, tukaandika upya.

Mwezi uliofuata ukaja mtihani wa ujirani mwema, shule sita karatasi moja, na walimu wa shule nyingine ndio wanasahihisha. Swali la nyoka lilikuwepo.

Karatasi ziliporudi, darasa langu zima limekosa swali hilo, hata Hudhaifa. Aliyepata ni mmoja tu.

Malak. Kaandika: "Funga kwa nguvu juu ya jeraha."

Nikamwita pembeni. "Malak, si wewe uliyekuwa unajua kabla yetu sote?"

"Najua, mwalimu. Ila mtihani hukutunga wewe. Nimewaandikia wanachokitaka, mie nataka kufaulu."

Ningemgombezaje, na tabia hiyo kajifunzia kwangu nilipomkosesha?

Ndugu zangu, mtu akiumwa na nyoka msimfunge wala msimchanje. Mtulizeni, mwahisheni hospitali. Na mtoto akirudi nyumbani kakosa swali hilo, msimchape kabla hamjasoma alichoandika.