Jino Zima Msibani Nyamigogo

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu nimechoka kulibeba, na kwa vile nusu ya Nyamigogo wanalijua tayari, sina cha kuficha: mimi nina ndevu. Si vinyweleo, ni ndevu, za kidevuni, nyeusi na ngumu, na tangu nilipoolewa nikitokea Mabawe nilikuwa naamka kabla ya mume wangu Deusi, nanyoa kwa wembe nyuma ya choo, narudi kitandani kama sikutoka (kazi hiyo jamani, kila siku, hata nikiwa mjamzito, hata nikiwa na malaria).

Basi baba mkwe akafariki. Tukakimbilia Nyamigogo kwao, wembe ninao kwenye pochi, lakini kwa ukoo wao mtu wa nyumba ya msiba hanyoi chochote mpaka tanga liondolewe, na wanawake wote tulilala sebuleni tumebanana, choo kina foleni tangu alfajiri. Kidevu kikaanza kukwaruza kiganja. Nikajifunga kitenge kuzunguka taya, na wifi yangu Adela aliponiuliza nina nini, nikamjibu, "Jino, wifi." Neno hilo tu.

Adela akaleta maji ya chumvi. Mama mkwe, mjane mwenyewe, akainuka mkekani akanichemshia majani machungu ya kusukutua, akakataza nisipewe chakula kigumu, kwa hiyo wenzangu wanakula ndizi na maharage, mimi nakunywa uji huku nimeshikilia kitenge kisishuke, na naguna kidogo ili nionekane mgonjwa kweli. Niliguna vizuri mno. Kesho yake wakaita bodaboda, Adela akapanda nyuma yangu, tukapelekwa zahanati.

Tabibu akasema, "Mama, fungua hicho kitenge."

"Naweza kufungua mdomo tu."

"Sasa taya nitaliangaliaje?"

Nikakishikilia, Adela naye (kwa upendo, sikatai) akakivuta kwa nyuma ili anisaidie, kikatoka chote, na mlango ulikuwa wazi, na benchi la nje limejaa watu.

"Yesu na Maria!" Adela akasema.

Tabibu akaangalia meno, akagonga moja moja. "Meno yako mazima kabisa. Ila hizi ndevu, zilianza lini? Na hedhi yako inakuja kwa mpangilio?" Akaniambia wakati mwingine ni homoni, niende hospitali nikapimwe. Alisema vizuri tu, ila kwa sauti ya mtu anayeita mgonjwa anayefuata.

Njiani Adela aliapa hatasema. Nilipomaliza kunawa miguu, wanawake wote wa jikoni walishageuka kunitazama kidevu.

Mama mkwe akaniita. Nikapiga magoti mbele ya mkeka wake.

"Mwanangu," akasema, "nimefiwa na mume. Nimeacha kumlilia nikakuchemshia dawa. Kumbe ni ndevu?"

"Nisamehe, mama."

Akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia, na sijathubutu kumuuliza. Mimi niliondoka pale nikatamani ningezikwa na mzee.

Jioni nikamfuata Deusi nyuma ya nyumba, nikamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa.

"Najua," akasema.

"Adela kakwambia?"

"Adela wa nini? Najua tangu mwaka ule tulipooana. Kwani nalala na nani?"

"Mbona hukusema?"

"Niliona unapenda nisijue."

Ningefurahi, nadhani mke mwingine angefurahi, lakini mimi nilikaa chini kwenye nyasi nikafikiria baridi ya huku kwetu Ngara na alfajiri zote zile nyuma ya choo, na huyu bwana amelala macho, ananisubiri nirudi. Nikamkasirikia kweli.

Hospitali nitakwenda, nimeshaamua. Lakini kudanganya ugonjwa msibani, tena mbele ya mjane, sirudii mpaka nife. Na wembe siku hizi naushika jua likishapanda, uani, baada ya chai. Alfajiri nalala.