Siku Niliyokwenda Kumhoji Mzee Shabani

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, Butiama, hakukuwa na chaki. Mwalimu Mkuu akanipa kipande cha muhogo mkavu: "Andika na hiki, na usikitafune." Watoto wakacheka, mimi nikawaka. Nilikuwaga na hasira za karibu na mdomo usiofunga. Nilikuwa mwalimu wa UPE, wale tuliochukuliwa tumemaliza darasa la saba, tukajifunza kazi huku tunafundisha. Mengine nilijisomeaga mwenyewe.

Wakanihamishia Bunda. Madukani rafu tupu. Sabuni ilikujaga kwa magendo kutoka Kenya, na mimi niliipata kwa Mzee Shabani, fundi cherehani, aliyeifichaga chini ya vitambaa. "Mwalimu hawezi kusimama mbele ya watoto ananuka," alisemaga. Msako wa walanguzi ulipokuja, polisi wakambeba. Alirudi anachechemea, akakaa kwenye cherehani akaendelea kushona. Na yeyote aliyemwita mlanguzi mbele yangu, tulishikana mashati.

Miaka ikapita, biashara zikafunguliwa, na mimi mitihani ya kujisomea ikanifikisha chuo kikuu, sosholojia, mpaka udaktari. Utafiti wangu ulikuwa namna watu walivyoishi maduka yakiwa tupu. Msimamizi wangu, yaani profesa anayekuongoza, akasema, "Anza kuhoji watu unaowajua." Nikabeba dodoso, ile karatasi ya maswali, moja kwa moja kwa Mzee Shabani.

"Shikamoo mzee wangu! Leo nimekuja kukuhoji."

Cherehani ikanyamaza. Chuoni, kuhoji ni kuzungumza na mtu. Bunda ilikuwa kazi ya polisi.

"Marahaba, mkuu," akasema, akasimama.

"Mkuu gani? Si ni mimi, Mwalimu! Kaa bwana!" Nilipaza sauti. Akakaa haraka, kama ameamriwa.

Mkewe akachungulia kutoka ndani. "Baba Hadija, kuna nini tena?"

"Nahojiwa."

Ningekunja karatasi palepale. Lakini profesa alitaka majibu, na mimi nilitaka udaktari. Nikasoma: "Wakati ule, bidhaa ulikuwa unamuuzia nani?"

Akatazama chini. "Hakuna mwalimu aliyenunua kwangu, mkuu. Hata mkinipiga tena, jibu ni hilohilo."

Uso ukaniwaka. Kumbe ndicho walichomuulizaga kule, na aliyekuwa anafichwa ni mimi. Mimi niliyejiona namtetea kwa ngumi mtaani! Nikatoka pale hata kuaga nimesahau.

Sasa nimestaafu, nipo Musoma, Kitaji, vijana wa utafiti wananiita Daktari. Nawaambia dodoso libaki kwenye mkoba mpaka mtu akukaribishe mwenyewe. Wananisikiliza, wanadhani ni ufundi wa kazi.

Mzee Shabani nilirudi kumwomba radhi, zaidi ya mara moja. Alinicheka: "Yameisha hayo." Soda akaninunulia. Lakini mpaka anafariki, kila nilipoingia pale kibarazani kwake, alisimama.