Tulivyorekodi Historia ya Machifu Wasiokuwepo

Sauti yangu nilikuwa naipenda kupita kiasi. Nilikuwa katibu muhtasi serikalini miaka mingi, nikiwasomea mabosi hotuba zao kabla hawajaenda kuziharibu wenyewe, na watu wakaniambia ningefaa redioni. Kwa hiyo mwalimu mmoja asiyeona, anayefundisha sekondari hapa Dodoma, alipotafuta watu wa kujitolea kurekodi vitabu kwa ajili ya wanafunzi wake wasioona, nilijitokeza wa kwanza. Siku ya kurekodi nilivaa hadi hereni, utadhani maiki ina macho.

Kitabu kilikuwa cha kejeli. Mwandishi wake ni yule ambaye riwaya zake nzito tulikaririshwa shuleni hadi tukamchukia marehemu wa watu. Kumbe alipokuwa na miaka kumi na saba aliandika historia ya uongo ya machifu kumi na wawili, akivikejeli vitabu alivyolazimishwa kusoma darasani. Chifu wa tatu, aliandika, alikuwa shujaa mno: vita vilipokuja, aliwahi kuvipisha njia.

Tulirekodia kwangu Nzuguni, chumba cha wageni, magodoro mawili yameegemezwa ukutani na blanketi limetundikwa dirishani kupunguza kelele za upepo. Wasomaji tulikuwa wawili, mimi na katekista mstaafu kutoka Mpwapwa aliyehamia mjini kwa binti yake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshika laptopu, inayomtamkia kila anachobonyeza.

Nilianza mimi. Chifu mnene nilimpa sauti nzito, mkewe nikampa ya puani, mjumbe nikamfanya ahemeheme. Kila nilipokaribia mzaha nilipunguza mwendo, msikilizaji ajiandae. Mara nne nilicheka mwenyewe.

Mwalimu akavua hedifoni. "Mama, unacheka kabla yangu."

"Kwani hakichekeshi?"

"Sijui. Hujaniachia nafasi ya kujua."

Nilihisi masikio yanawaka, hereni na vyote. Akamgeukia katekista. "Mzee, jaribu wewe."

Mzee hakusogea. "Mwalimu, hawa machifu nimewatafuta kichwani siwapati. Walitawala wapi?"

"Hakuna mahali, mzee. Ni utani."

"Yaani mtu katunga uongo, na sisi tuusambaze?"

Aliinuka kabisa, akafunga vifungo vya koti. Mwalimu akamwambia kwamba hataki achekeshe. Asome tu vile anavyosoma masomo kanisani.

"Hivyo naweza," alisema, akaketi. "Lakini msinicheke."

Akasoma. Alitangaza kukimbia kwa chifu wa tatu kama anavyotangaza kifo cha muumini, akanyamaza kwa heshima, kisha akaendelea na wa nne. Mwalimu alijikunja juu ya meza, mabega yakimtetemeka, hadi hedifoni ikamtoka kichwani.

"Nimekosea?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Endelea, nakuomba."

Mimi nilitoka, eti nafukuza kuku. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo. Nilisimama chini ya dirisha nikiombea mzee ajikwae hata kwa neno moja, lakini alipofika kwa chifu aliyejipa likizo ya uzazi, nilicheka hadi nikashikilia ukuta.

Niliporudi ndani alikuwa kwa chifu wa saba, na pembe ya mdomo wake ilikuwa inacheza. Alikwishaelewa. Alimaliza ukurasa kwa sauti ile ile ya ibada, kisha akasema kwa upole, "Naomba nirudie huu. Sijamtendea haki huyu mjinga."

Alisoma kitabu chote, siku tatu. Mimi nilipewa kazi ya kufuatilia maneno kwenye nakala na kuwanyamazisha kuku, nikaifanya kwa bidii ambayo sikuitegemea.

Mwezi uliofuata tulialikwa shuleni, wanafunzi walipokisikiliza mara ya kwanza. Mzee alikaa mbele, mikono magotini. Darasa lilikuwa kimya hadi kwa chifu wa tatu, kisha msichana mmoja akapasuka kicheko, na wengine wote wakamfuata. Mwalimu akalazimika kusimamisha rekodi. Mzee akaniinamia.

"Unasikia?" alininong'oneza. "Kule kanisani hawajawahi kunifanyia hivi."

Nilimwambia ashukuru Mungu. Tukacheka wote wawili, na mwalimu akatunyamazisha kama wanafunzi.