Mabutu Aliyonisuka Mama

Juzi sokoni Kilosa nilimwona binti mdogo aliyetoka kunyolewa upara, kang'ang'ania kanga ya bibi yake, nikasikia tena harufu ya sabuni ya mche.

Siku tulipoanua matanga ya mama, nikiwa mdogo kama yeye, shangazi alinikalisha uani, mkasi na wembe mpya mkononi, karai la maji ya sabuni pembeni.

"Wafiwa tunanyoa, mwanangu. Tulia."

Sasa najua ilikuwa desturi ya kuondoa msiba. Siku ile nilijifunika kichwa kwa mikono miwili. Mabutu yale alinisuka mama; bila hayo angenijuaje akirudi? Mkasi ulilia, yakadondoka mchangani. Niliokota moja, nikakaa nalo mlangoni nikitazama njia.

Watu wazima walipita, wakanipapasa upara, "Pole, pole." Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba harudi.