Kazi Nayo Ina Eda

Naikumbuka Alhamisi moja, mjukuu wangu, nilipotoka kazini Nyali nikafika Junda sina hata nguvu ya kubisha hodi. Nilisukuma tu mlango wa shangazi yangu, Bi Mwanasiti, Mungu amrehemu, nikajibwaga jamvini na ovaroli mwilini. Nikamwambia kwamba kule kazini sirudi tena.

Nilikuwa dobi wa hoteli wakati huo. Usidhani hoteli ni ufuo na viti vya kulalia. Sisi tulikuwa nyuma kabisa, chumba cha pasi, mvuke mpaka kuta zatoka jasho. Mashuka ya wageni hayaishi. Ukimaliza rundo hili laja jingine, na mgongo ni huo huo mmoja. Hata hivyo kazi yenyewe nikiiweza. Kilichonishinda, au nilichodhani kimenishinda, ni msimamizi wetu, Bwana Kombo. Mtu hajui kuitikia salamu. Wamwamkia asubuhi, yuwapita. Neno lake lilikuwa moja tu, "Haraka," na alilisema bila kukutazama, kama afukuzaye kuku.

Siku hiyo hiyo Mutheu, Mkamba mmoja mcheshi aliyewahi kupiga pasi nasi kisha akahamia kiwanda cha nguo Changamwe, alikuwa ameniletea habari. Wataka mtu ajuaye cherehani, nifike Jumatatu. Nilifurahi kama niliyefunguliwa kamba. Nami sikuwa na mume. Nilikuwa nimeachwa, mama yako bado ananyonya, na chakula chetu sote watatu, mimi, yeye na shangazi, kilitoka kwenye pasi ile. Nikikosea, nakosea na mtoto mgongoni.

Shangazi alinisikiza mpaka mwisho huku akichagua mchele. Nilingoja aniambie usiache mbachao kwa msala upitao, maana wazee wote wa mtaa walikuwa wakiniimbia hilo. Hakulisema.

"Salim alipokuacha," akaniuliza, "ulikuja hapa kufanya nini?"

"Kukaa eda, shangazi."

"Na ndani ya eda tukajua nini?"

Nikamtazama mama yako, amelala kitandani, kidole mdomoni. Tulijua nina mimba yake. Nilitoka kwa Salim sina habari kwamba nimebeba mtu.

"Basi," akasema. "Lau ungeolewa kesho yake kwa hasira, ungeingia nyumba ya watu na mzigo usioujua. Kazi nayo ina eda. Rudi Nyali, usiseme ndiyo, usiseme la. Kaa mpaka ujue umetoka na nini."

"Na nafasi ikienda?"

"Ikienda, iende."

Sisi wazee tuna ugonjwa huo, twasema "iende" ilhali inayokwenda si yetu. Nilimwona hana huruma. Lakini nilikuwa naishi kwake, na radhi yake nikiitaka, kwa hiyo Jumatatu nikarudi kwenye mvuke wangu. Mutheu akanijia jioni amenuna. "Nyinyi watu wa pwani mtakufa mmelala," akaniambia. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na binti wa Likoni. Nililia, sikufichi, na shangazi sikumsemesha mpaka kesho yake.

Siku zikapita. Nilipiga pasi na kujitazama, nikaona ni upuuzi mtupu, mtu mzima kujichungulia kama anayetafuta chawa. Hata siku moja Bwana Kombo akapita na neno lake. Nikaisahau pasi juu ya shuka, likaungua. Jirani yangu mezani alikuwa Mama Dzame, mama wa Kigiriama aliyezeeka kwenye kazi ile. Naye aliambiwa neno lile lile, kwa sauti ile ile, akaendelea kukunja shuka lake akiimba polepole.

Nikamuuliza, "Wewe hayakuumi, mama?"

"Yaniumeje?" akasema. "Kwani huyu ni mume wangu?"

Wallahi nilishika meza. Maana miezi yangu ya mwisho kwa Salim ilikuwa hivyo hivyo. Namsalimu haitikii, namwekea chakula hanitazami, na akitaka kitu ni "haraka." Niliachwa, nikakaa eda, nikazaa, nikainuka, watu wakasema huyu kapona, na mimi nikasema nimepona. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nikienda Nyali kumkuta Salim pale mlangoni, na Bwana Kombo wa watu hajui hili wala lile. Nilihisi uchovu siku ile ambao si wa pasi. Lau ningekwenda Changamwe wakati ule, ningempata Salim mwingine kule.

Usidhani Bwana Kombo aligeuka malaika. Alibaki vile vile. Ila nilianza kurudi nyumbani nikimcheka mtoto badala ya kumfokea. Na niliondoka, ndiyo. Ramadhani ilikwisha, kifua changu kikawa hakistahimili tena mvuke, na Mutheu, ambaye kununa kwake hakudumu, akaleta habari nyingine. Safari hii niliaga. Nikampa Bwana Kombo mkono. Akautazama kidogo, kisha akaupokea. Changamwe nako nilimkuta msimamizi mkali kumshinda yeye, na vyerehani vyakufuata hadi usingizini. Lakini mkali nilimwona ni mkali, basi, nikala wali wangu nikalala.

Sasa wewe. Tangu alasiri waniuliza, "Nyanya, niiache kazi ya yadi ya makontena hapa Changamwe niende kule Likoni, au nibaki?" Meneja yuwakusema kwenye grupu ya WhatsApp mbele ya wenzio. Ni ufedhuli, simtetei. Na kazi za dhuluma zipo, za kumvunja mtu mwili na heshima. Hizo hazikaliwi eda, hukimbiwa kama nyumba iwakayo moto. Lakini mimi naishi nawe. Meneja huyo umekuwa naye siku nyingi, na ulikuwa ukiniigizia anavyosema, tukicheka mpaka chai inamwagika. Kicheko kiliisha posa yetu iliporudishwa kule Mtongwe. Jina la yule binti hujalitaja tangu hapo, nami sikukuuliza, nikadhani ukiachwa utatulia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwanangu, aliyekurudishia posa si meneja.

Kwa hiyo kwenda ama kubaki sitakukatia mimi. Nasema hivi: usihame kazi na jeraha ambalo hukulipatia kazini, maana utahama nalo. Kaa kidogo. Nenda, rudi, tule. Ukitaka kulia, lia hapa. Mimi nimeshachoka, sina nguvu ya kushangaa. Yakishakutoka, utazame upya, na ukiona bado kazi yenyewe ndiyo mbaya, aga watu wako kwa mkono, uende, na usigeuke nyuma. Radhi yangu unayo, uwe Changamwe au Likoni. Mungu akupe riziki isiyokudhalilisha, akupe na nyumba ambayo ukisalimu huitikiwa.