Makapi Chini ya Kihenge

Juzi nilifungua kabati la jikoni, hapa Dodoma mjini, nikakutana na ile harufu ya mkojo wa panya, kali, inayopanda puani na kukaa. Mume wangu alicheka, akasema tununue sumu. Mimi sikucheka. Harufu ile huniamshia hasira ya miaka mingi, na ninawasimulia ninyi kwa sababu nyumbani wamechoka kuisikia.

Nililelewa kijijini, upande wa Mvumi, kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, la bibi mzaa baba. Kihenge cha mtama kilikaa ndani, juu ya magogo, kwenye pembe yenye giza. Mama ndiye aliyechota mtama wa kusaga, na ndiye aliyefagia. Alifagia kabla hatujaamka, mpaka kwenye kona za kuta, mpaka chini ya kihenge, sakafu ikabaki na mistari ya ufagio. Majirani walimsifia mama Neema, na Neema ndiye mimi. Laiti angekuwa mchafu.

Maana panya, kama hamjawahi kuishi naye, hana adabu lakini ana utaratibu. Hakatishi katikati ya chumba. Hufuata ukuta, njia ileile kila siku, mpaka ukuta unang'aa kwa mafuta ya manyoya yake. Hatoboi kihenge kwa juu, watu wanakochungulia. Hutoboa chini. Meno yake hayaachi kuota, hivyo hata akishiba lazima atafune kitu. Mtama haumezi mzima: anaushika kwa mikono miwili kama mtu, anaumenya, anakula kiini, makapi anayaacha palepale. Hayo makapi ndiyo yanayomuumbua. Na mama aliyazoa kila alfajiri, akayatupa jalalani pamoja na mavi ya panya.

Mwaka huo mvua ilikuwa mbaya. Mavuno yakiwa bado mbali, bibi aliingiza mkono kihengeni, akauzamisha mpaka begani ndipo akagusa mtama. Akamwita baba, akamwita mama.

"Unawauzia wapika pombe," alimwambia mama.

"Ni panya, mama."

"Panya gani anakula bila kuacha makapi? Nionyeshe."

"Nimeshafagia."

"Umefagia," bibi akasema, akamgeukia baba. Baba, mwanamume mzima, aliangalia viatu vyake. Hilo nalo sijamsamehe. Kesho yake mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, akarudishwa kwao Gulwe kama mwizi, na mimi nikabaki nimeshika mlango, nalia mpaka nikatapika.

Ufagio nikaachiwa mimi. Nilikuwa mtoto, nilifagia katikati, panapoonekana, pembeni sikufika. Bibi mgongo ulimsumbua, hakuinama. Mtama ukazidi kushuka, na mwizi yuko Gulwe. Siku moja bibi akaenda kuchota akiwa peku, akakanyaga kitu kinachoteleza. Makapi, rundo zima. Kihenge sasa kilikuwa chepesi; baba alipokisukuma kando, chini palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na kando yake kiota cha vitambaa vilivyochanwachanwa, vitoto vyekundu visivyo na manyoya vimelaliana ndani. Vitambaa vyenyewe vilikuwa khanga ya bibi, ile aliyokuwa akiitafuta siku zote.

"Kumbe panya," bibi akasema. Basi.

Baba akaenda Gulwe kumrudisha mama. Mama akachinjiwa kuku, watu wakala, wakacheka jinsi panya walivyo wajanja. Hakuna aliyesema samahani. Mtu umemwita mwizi mbele ya mtoto wake, halafu unampa paja la kuku.

Tangu siku hiyo mama alibadilisha jambo moja. Alifagia nyumba nzima, lakini chini ya kihenge aliacha. Alisimama na ufagio, akamwita bibi kwa adabu zote: "Mama, njoo uangalie, nataka kufagia." Bibi alikuja akijikongoja, akaangalia, ndipo mama akafagia. Kila asubuhi. Mimi niliona ni heshima, nikadhani hakuna mkamwana mpole kama yeye. Nilipoolewa mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba mama alikuwa na hasira kunishinda mimi, ila yeye alijua pa kuiweka.

Bibi alipozeeka, macho yakafifia, alimsihi. "Fagia tu, mama Neema. Nimeshajua."

Mama hakuinama. "Angalia kwanza, mama."