Barua ya Daktari Kuhusu Natércia

Kwa miaka ishirini na sita Idalina Medeiros aliwaambia watu neno moja tu kuhusu binti yake: anaweza. Alilisema hospitalini, siku muuguzi alipomvuta pembeni na kumwambia mtoto amezaliwa na ulemavu wa akili, asitarajie makubwa. Alilisema shuleni, mwalimu aliposhikilia kwamba Natércia hatajua kusoma. Akamfundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni, kwa karatasi za matangazo ya duka la nyama, mpaka msichana akawa anasoma "soseji" na bei yake kwa sauti ndani ya basi, abiria wote wakigeuka kumtazama.

Natércia alipofikisha miaka ishirini na miwili akapata kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, huko chini karibu na mto. Alikunja mashuka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa saa nne kila siku. Beji yake aliivaa hata kanisani.

Basi mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika magotini, barua ikaja kutoka ofisi ya kodi. Mwaka uliopita, barua ilisema, wazazi hawa walimwandika Natércia Medeiros kuwa mtegemezi wao. Huyu ni mtu mzima na ana ajira. Walete ushahidi ndani ya siku thelathini, au warudishe nafuu yote ya kodi waliyopewa, pamoja na faini.

Gualter, mume wa Idalina, aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Kiwanda cha mapazia alichokifanyia kazi kilikuwa kimefungwa tangu Oktoba.

"Warudishe nini?" akasema. "Hela yenyewe tumeshaichoma kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto!"

Wakaenda kwa Hermínio, binamu yake Gualter, aliyekuwa akiwajazia watu fomu za kodi kwenye chumba cha juu ya duka la mikate. Hermínio alivua miwani, akaisoma barua kwa karibu kama anayeinusa.

"Shemeji, sikiliza. Mtoto mkubwa anayefanya kazi unaweza kumwandika kama bado hajatimiza miaka ishirini na minne na anasoma muda wote, anakaa kwako zaidi ya nusu ya mwaka, na hajigharamii maisha yake kwa zaidi ya nusu. Natércia hasomi, na umri umepita."

"Lakini anakula kwangu, analala kwangu," Idalina akasema. "Mimi ndiye namnunulia hata viatu."

"Najua. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo haitoshi. Mshahara wake ukipita kile kiwango kidogo walichoweka, humwandiki, na wa Natércia unapita. Kwetu sisi umebaki mlango mmoja. Mtoto mwenye ulemavu kamili na wa kudumu hawamuulizi umri, wala mshahara haumtoi, mradi anakaa kwenu na hajigharamii mwenyewe. Mimi nilimwandika kwa mlango huo. Sasa wanataka daktari athibitishe."

"Athibitishe nini?"

Hermínio akarudisha miwani usoni polepole. "Kwamba hawezi kufanya kazi ya kumwezesha kujitegemea."

Idalina akasimama. "Hawezi? Mimi ndiye nikamwombe mtu aandike hawezi?"

"Kaa chini, mama," Gualter akamwambia. "Ni karatasi tu."

"Karatasi tu, ee? Basi nenda wewe ukaombe!"

Gualter akaichukua barua, akatangulia kushuka ngazi.

Alikwenda Idalina kwa daktari, Jumanne iliyofuata. Alitaka kwenda peke yake, lakini Natércia alishavaa koti na beji, akasimama mlangoni. "Daktari wangu," akasema. "Sio wako." Hakuambilika.

Daktari Pacheco alimfahamu Natércia tangu utotoni. Alimuuliza habari za kazini, akacheka naye, kisha akageukia kompyuta na kuanza kuandika. Idalina alikaza macho sakafuni. Alikuwa akiomba moyoni mambo yaishe upesi, watoke.

"Unaandika nini?" Natércia akauliza.

"Barua, mpenzi. Ya serikali."

"Nisomee."

Daktari akamtazama Idalina. Idalina hakuinua uso. Ikabidi daktari asome, na alisoma kwa sauti ya chini: kwamba mgonjwa ana ulemavu kamili, kwamba hali yake haitabadilika, kwamba hawezi kufanya kazi.

Natércia aliishika beji yake.

"Lakini mimi nafanya kazi," Natércia akasema. "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa." Akamgeukia mama yake. "Mama, mwambie."

Idalina alifungua mdomo. Neno lile alilolisema maisha yake yote likagoma kutoka.

"Ni kwa ajili ya kodi, mwanangu," akasema. "Nitakueleza nyumbani."

Natércia akatoka kwenda kuketi ukumbini. Idalina alibaki na daktari dakika tano, labda sita. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Chooni hayumo. Nje theluji ilikuwa inaanguka upya, na nyayo zilizotoka mlangoni zilikuwa nyingi, zimevurugana.

Alikimbia hadi kona, akarudi, akakimbia upande wa pili. Alimpigia Gualter simu. "Hayupo! Gualter, mtoto hayupo!" Aliwasimamisha watu wawili wasiomjua, akawaonyesha kwa mkono urefu wa binti yake. Mitaa ile inateremka kwa ukali mpaka mtoni, barafu iko chini ya theluji, na magari hayafungi breki vizuri. Idalina aliyaona yote kichwani, kana kwamba yameshatokea.

Ndipo akakumbuka basi. Natércia alijua njia moja tu ya basi mjini mle.

Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, koti bado limelowa, akikunja mashuka kwa nguvu kana kwamba anagombana nayo. Msimamizi, mama mmoja mnene aitwaye Odília, alimpokea Idalina mlangoni.

"Nimemwambia leo sio siku yake, dada. Ameniambia niandike kwamba amekuja."

Idalina akavuta pumzi. Akashika ncha mbili za shuka, Natércia akashika mbili nyingine. Wakakunja matatu.

"Unavuta vibaya," Natércia akasema mwishowe.

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Idalina akaanza kulia, na hakujificha.

"Unafanya kazi," akasema. "Na mshahara wa saa hizo chache haukutoshi kulipa nyumba, na chakula, na daktari. Yote mawili ni kweli. Nilipaswa kukuambia mimi mwenyewe, kabla ya mtu mwingine."

Natércia akaliweka shuka juu ya rundo. "Basi aandike yote mawili."

Wakarudi kwa daktari alasiri ile ile, Gualter akiendesha. Natércia alisimama nyuma ya kiti cha Daktari Pacheco na kumwambia la kuandika: kwamba anafanya kazi saa kumi na mbili kwa wiki, akiwa na msimamizi pembeni, na anaifanya vizuri. Daktari akaongeza ya kwake: kwamba kazi hiyo haiwezi kumwezesha kujitegemea, na kwamba hali yake ni ya kudumu.

Hermínio aliposoma alikuna kichwa. "Sijawahi kupeleka barua ya namna hii. Wakimaliza kusoma neno 'kazi' wanaweza kutukatalia."

"Peleka," Idalina akasema.

Wiki saba walisubiri. Gualter alikuwa akishuka kwenye sanduku la barua mara mbili kwa siku. Jibu lilipofika lilikuwa na mistari minne: ushahidi umekubaliwa, hakuna wanachodaiwa. Gualter aliketi kwenye ngazi na kufunika uso kwa viganja.

Mwezi wa tano, wakila supu ya sukumawiki, Natércia alitangaza kuwa Odília amempa siku ya nne, Alhamisi, na kwamba amekubali.

Gualter akamtazama mkewe. Wote wawili walijua kwamba saa zikiongezeka, na mshahara ukapanda, Hermínio atavua miwani tena juu ya barua nyingine ya kodi.

"Zamu inaanza saa ngapi?" Idalina akauliza.